Jina la Rasimu

Zubaida binti Marjan hakuwa mtu mbaya. Anayetaka hadithi ya mtu mbaya aende kwingine. Kampala ya miaka ile walikuwa tele, wengine na magari ya serikali. Zubaida alikuwa na kosa moja tu: alitaka kuwa mwandishi wa filamu, na alilitaka jambo hilo kama mwenye kiu anavyotaka maji, bila kuangalia kikombe ni cha nani.

Usicheke. Walimcheka vya kutosha. Binti wa Kinubi, baba yake sajini mstaafu, miaka ishirini na sita, hana mume, anashinda Wandegeya katika duka la chapa akipiga taipu insha za wanafunzi, halafu anasema ataandika filamu! Shangazi zake walisema kichwa kimepigwa na jua. Lakini mwaka wa sabini na tatu Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya taifa, na mwaka uliofuata likatoka tangazo gazetini: ofisi ya filamu inatafuta mwandishi mmoja, kazi ya kudumu, alete kurasa arobaini za mwanzo za mswada wa Kiswahili kuhusu wahujumu uchumi, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Zubaida akalikata tangazo akalibandika ukutani juu ya taipureta. Pale mjini nani angeweza kujaza kurasa arobaini za Kiswahili? Wengi walikiona ni lugha ya askari na wezi. Yeye alikinyonya kwa mama. Nafasi ile aliiona ni yake, imebaki kutiwa sahihi tu.

Duka lilikuwa la Mhindi mpaka Wahindi walipofukuzwa, kisha likagawiwa kwa ami yake Zubaida, mzee aliyejua kuuza ng'ombe na hakujua wino unatiwa wapi. Aliyelijua duka ni Okeny, mpanga herufi, Mwacholi mrefu ambaye kidole gumba chake cha kushoto kilipondwa na mashine zamani. Huyo, jamani, alikuwa mtu wa maneno! Mashine ikikwama aliitukana kwa Kiacholi, kisha akaiomba radhi kwa Kiswahili. Chai alikunywa bila sukari, na sukari ilipoadimika mjini akatamba wiki nzima.

"Bibi Filamu," alimwambia Zubaida, maana ndivyo alivyomwita, "watu wanalia sukari imewaacha. Mimi niliiacha kabla haijaniacha. Mwanamume anayejiheshimu haachwi."

Zubaida alicheka, na mkono wake ukaandika. Miaka miwili nyuma alihudhuria darasa la jioni pale chuo kikuu, muhula mmoja tu, kabla mwalimu hajatorokea Nairobi, na katika yote aliyofundishwa alishika neno moja. Ukiandika rasimu, alisema mwalimu yule, mpe kila mhusika jina la mtu unayemjua, kwa sababu jina la kweli linakuja na sauti yake. Ukishamaliza, kwenye nakala safi, ondoa majina yote uweke mengine. Na kweli, Zubaida alikuwa amehangaika miaka na wahusika wanaoongea kama matangazo ya redio. Siku alipoandika "Okeny" pambizoni, mtu akafungua mdomo akaongea mwenyewe. Zubaida alikuwa na kazi ya kumfuata tu.

Filamu ilihusu mpanga herufi wa Wandegeya anayechapa kwa siri vibali bandia vya sukari. Vibali ni uongo mtupu, Okeny wa kweli hakuwahi kuchapa hata kimoja. Mengine yote yalikuwa ya kwake: kidole, chai, kalenda ya mwaka uliopita aliyokataa kuitoa dirishani kwa kuwa alipenda picha yake. Naye alijua. Mpanga herufi hasomi kama mimi na wewe. Aliusoma mswada ule kichwa chini miguu juu, akiwa upande wa pili wa meza, akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi mwizi? Sawa! Lakini basi nifanye mwizi hodari, banange, jamani, siyo huyu anayeshukiwa ukurasa wa nane! Na usisahau kunibatiza upya kabla hujaipeleka. Mke wangu Acen akisikia nachapa vibali vya sukari na nyumbani hatuna hata kijiko, atanifukuza."

"Nitakubatiza," Zubaida akasema. "Wallahi nitakubatiza."

Aliapa, mnasikia? Aliapa kwa jina la Mungu.

Nakala safi alipanga kuipiga Alhamisi. Alhamisi asubuhi ami akaleta kadi za harusi ya ofisa mmoja wa jeshi, mia nne, zinatakiwa kesho yake, na siku zile kazi ya mwanajeshi haikuahirishwa. Ijumaa saa tano ikamkuta Zubaida ana rasimu mkononi na saa moja tu imebaki. Angeweza kuacha. Wangeajiri mwingine, naye angeendelea kupiga insha za watu mpaka azeeke, na dunia isingeanguka. Lakini kiu, ndugu zangu! Aliandika kwenye kipande cha karatasi, "Majina yote humu ni ya muda tu," akakibana ukurasa wa kwanza kwa pini, akakimbia. Alifika saa sita kasoro dakika nne. Karani akaupokea mswada bila kumtazama.

Jumatatu ya pili baada ya hapo, saa nne asubuhi, gari lisilo na namba likasimama mlangoni. Wakashuka wanaume watatu wenye mashati ya maua na miwani myeusi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kuwa ni watu wa usalama. Mmoja alishika bunda la karatasi. Zubaida alizitambua kabla hazijafika karibu, kwa sababu herufi ya "e" kwenye taipureta yake ilikuwa imevunjika mguu. Kipande cha karatasi na pini yake havikuwepo.

"Wandegeya," mtu yule akasoma polepole. "Ndani ya duka la chapa. Mchana." Akainua macho akakagua chumba. "Dirisha, hili. Kalenda, hii. Chai." Akachovya kidole kwenye kikombe cha Okeny, akakiramba. "Hapana sukari." Kisha akaushika mkono wa kushoto wa Okeny, akaugeuza juu, akatazama gumba. "Ni yeye."

Okeny alikuwa ameshasoma, kichwa chini miguu juu, kama kawaida yake. Akamtazama Zubaida. Angeweza kusema, muulizeni huyu, karatasi ni zake, mimi si mwizi, ni mchezo wa filamu. Maneno machache tu, na yeye ndiye aliyekuwa na maneno. Badala yake alivua aproni yake akaikunja, akaiweka juu ya mashine.

Na Zubaida? Zubaida alikuwa na muda wote tangu mlangoni mpaka kwenye gari, hatua kama kumi na mbili. Aliogopa. Akasimama pale na mkono kwenye taipureta mpaka waliposhindilia mtu mrefu vile ndani ya buti na kufunga kifuniko. Siku zote baadaye alitafuta neno zuri zaidi la kueleza ile asubuhi, yeye aliyejiita mwandishi, na hakulipata. Aliogopa, basi.

Jumanne ndipo uoga ulipogeuka kitu kingine, akavaa gauni la Idi akaenda kwenye ile ofisi ambayo watu wa Kampala hawakuitaja jina. Jina la baba likamfungulia lango. Kapteni Kamis alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole na Kiswahili cha kambini, na mswada ulikuwa mezani kwake, umechakaa pembe kwa kusomwa.

"Binti ya mzee Marjan," akasema. "Ni wewe naandika hii?"

"Ndiyo, afande. Ni filamu, afande. Ni mchezo. Karani ameondoa karatasi yangu. Niliandika kwamba majina ni ya muda." Akatoa lile tangazo la gazeti, alilolibandua ukutani, akalinyoosha mezani. "Tazama. Walitaka hivi."

Kapteni hakulitazama. "Kila karatasi ya filamu napita hapa kwanza. Mimi nasoma ripoti miaka tatu. Watu yangu naandika mustari moja: fulani mubaya, kamata. Wewe!" Akaupiga mswada kwa kiganja, kwa mapenzi. "Wewe naandika mahali, naandika saa, naandika nani nasema nini. Mimi nasoma, mimi naona. Hii ndiyo ripoti."

"Lakini si kweli, afande."

"Kidole si kweli?"

"Kidole ni kweli."

"Chai?"

"Chai ni kweli, afande, lakini..."

"Sasa kweli naanza wapi, uongo naanza wapi?" Hakuwa anamdhihaki. Alitaka kujua. Akafungua mtoto wa meza, akatoa penseli nyekundu. "Kaa. Piga mustari chini ya kweli. Uongo, acha."

Zubaida akakaa. Akaanza kupiga mistari, na mwanzoni aliona huu ni wokovu, sasa ataelewa. Duka, kweli. Mashine, kweli. Matusi ya Kiacholi, kweli. Mkewe Acen, kweli. Mtoto wao Akullo, kweli. Neno alilosema kuhusu sukari kumwacha mtu, kweli, alilisema siku ya Jumatano. Ukurasa wa kumi ulikuwa mwekundu wote isipokuwa mistari miwili. Wa kumi na mmoja pia. Kadiri alivyopiga ndivyo vile vibali vya sukari, vilivyobaki vyeupe katikati ya wekundu, vilivyoonekana kuwa jambo ambalo mtu wa kweli kiasi hiki lazima alilifanya. Alipofika ukurasa wa ishirini alianza kulia. Na alikuwa anasikiliza, maana kila alipozigusa kurasa zile Okeny aliongea sikioni mwake. Siku ile hakuongea. Alisoma maneno yake yote na hayakuwa na sauti, karatasi tu.

"Afande," akasema, "yuko wapi?"

"Iko," Kapteni akajibu.

"Mzima?"

"Iko, nasema." Akamnyang'anya penseli taratibu. "Hii kitabu yako hapana mwisho. Naishaje?"

Akaeleza kwamba tangazo lilitaka kurasa arobaini za mwanzo tu, mwisho haujaandikwa. Kapteni akatikisa kichwa kama aliyekatiwa hadithi tamu. "Lete mwisho. Ijumaa. Kama wewe naandika yeye natoka, na mimi naamini, basi, yeye natoka." Akafungua mikono yake miwili hewani, ikiwa wazi. "Lakini mimi lazima naamini."

Haya. Mwambie mwandishi yeyote duniani jambo kama hilo, uone atalala namna gani.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja Luzira, maana Okeny alipanga chumba kule, mwendo wa dakika kumi kutoka lango la gereza, na mkewe alikuwa hajui hata amshike nani. Acen alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Zubaida alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, kiapo chake, kadi za harusi, pini, hatua kumi na mbili. Hakujipunguzia. Acen alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtemea mate miguuni.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama Akullo."

"Unalia nini? Mume ni wako?" Akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa chini uandike. Kulia utalia ukimaliza."

Wakaandika siku mbili. Zubaida alichagua Luzira pawe ndipo anapotoka, kwa kuwa Luzira watu waliandikwa kwenye daftari, na anayeandikwa daftarini huwa siku moja anafutwa akatoka. Mahali pengine hapakuwa na daftari. Aliandika lango, aliandika askari anayetafuta funguo, aliandika, "Okeny anatoka." Na Okeny hakutoka. Nieleze vipi? Maneno yalikuwepo, mtu hakuwepo. Alisimama nyuma ya lango kama nguo iliyoangikwa, na Zubaida akimsubiri aseme neno lake la kwanza, lolote, hata tusi kwa lango lile, kimya. Alijaribu mara saba. Alijiambia ni uchovu.

"Hasemi," akamwambia Acen.

"Basi nitasema mimi, yeye atajibu," Acen akasema. "Hawezi kuniacha niseme peke yangu. Hajawahi." Akamfundisha. Kwamba akiingia atagonga kichwa kwenye boriti ya mlango, kila siku anagonga, kila siku anasema imeshuka. Kwamba kutoka langoni atapita kisima, atapita kwa fundi viatu, atakata kushoto penye ukuta wa matofali yasiyopakwa. Kwamba yeye Acen hatamkimbilia. Atamwuliza, ulikuwa wapi na chakula kimepoa? Na kama wamempiga atasema wazi, mbele ya jirani yeyote anayetaka kusikia: mbwa hawa, mungu wao ni nani? Halafu akamtazama Zubaida kwa yale macho. "Lakini humu jina langu uliondoe, lile lililoko kwake linatosha. La mtoto pia. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama Akullo. Nitaondoa yote."

Na aliondoa! Alhamisi pale dukani, akiwa peke yake na aproni iliyokunjwa juu ya mashine, alipiga nakala safi. Okeny akawa Daudi, Acen akawa Rebeka, chumba kikahamia Nakivubo. Akaisoma. Ilikuwa imekufa. Rebeka alimlaki Daudi kwa maneno mazuri, na hapana mtu ambaye angeamini hata nusu yake, sembuse ofisa aliyesoma ripoti miaka mitatu. Zubaida akashika kichwa. Alijua alichoahidi. Lakini alijua pia, kwa mifupa yake, ni ukurasa upi ungemfanya msomaji aamini na upi usingemfanya, maana hiyo ndiyo kazi, na kazi hiyo aliiweza. Akachomoa karatasi, akaweka nyingine. Akapiga: Acen.

Na papo hapo Okeny akacheka nyuma yake.

Wallahi alicheka, karibu hivyo, kicheko chake cha kukohoa, na Zubaida akageuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Mashine. Kalenda. Hapakuwa na mtu. Aliinua kiti akakaa, kwa kuwa sasa Okeny alikuwa anaongea, na sauti ile ikiongea huiachi. Aliandika mpaka jua likainama. Lango likafunguliwa na Okeny akatoka, akalitukana kwa Kiacholi, akaliomba radhi kwa Kiswahili. Akapita kisima, akapita kwa fundi viatu, akakata kushoto penye matofali. Akagonga kichwa. Acen akasema yake. Kurasa kumi na moja, na Zubaida alijua hajawahi kuandika kitu kama kile na pengine hataandika tena. Alilia kwa furaha. Alikuwa na hakika amemtoa.

Ijumaa walikwenda pamoja. Acen alisimama ng'ambo ya barabara, Akullo mgongoni, na mkononi ana shati jeupe la Okeny alilolipiga pasi, kwa kuwa alisema mtu hawezi kupita mjini na nguo alizolala nazo siku nne. Zubaida akavuka akaingia.

Kapteni alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Penye boriti akacheka kwa sauti. Penye chakula kilichopoa akaacha kusoma, akatazama dirishani kidogo, akarudi. Alipomaliza alitoa leso akajifuta macho, na hakuona haya.

"Nimeamini," akasema.

"Basi anatoka, afande? Mkewe yuko nje. Amekuja na shati."

"Nani?"

"Okeny."

"Ah, huyo." Kapteni alikunja leso yake kwa uangalifu. "Huyo nakwisha zamani. Jumatatu, siku ile ile. Moyo yake hapana nguvu."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na Zubaida aliisikia. Jumatatu. Jumanne alipiga mistari myekundu chini ya mtu aliyekwisha kufa. "Ulisema yuko," akasema. "Ulisema nilete mwisho. Kwa nini ulinitaka niandike?"

Kapteni akashangaa kuulizwa. "Nilitaka kujua naishaje," akasema.

Kisha akavuta barua iliyokwisha kupigwa mhuri, akamsukumia. Ofisi ya filamu, mwandishi, kazi ya kudumu, kuanzia mwezi ujao. Jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa, Zubaida binti Marjan. Aliyoitaka miaka yote ile ikawa inamtazama kwenye karatasi ya serikali. Aliishika kwa sababu mkono wake haukujua jambo jingine la kufanya. Akaunyoosha wa pili kuchukua mswada, Kapteni akaufunika kwa kiganja.

"Hii nabaki," akasema, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa ofisini. "Hii bibi iko na mudomo. Mbwa, nasema? Mungu yao ni nani?" Akafunua ukurasa wa tatu. "Kisima, fundi ya viatu, matofali. Wewe naandika muzuri, binti. Mimi naweza kufika bila kuuliza njia."

Hakumbuki ngazi alishuka vipi. Alijikuta yuko barabarani, jua kali, na Acen ng'ambo amekwisha kulikunjua shati, analishika mabegani kama anayempima mtu. Zubaida akavuka.

"Ameamini?" Acen akauliza.

"Ameamini."

"Sasa anatoka lini?"

"Hatoki, mama Akullo. Walimuua Jumatatu. Siku ile waliyomchukua." Alisema hivyo hivyo, bila kupamba, na ndiyo sentensi pekee ya wiki nzima aliyoisema bila kusikiliza ilivyosikika.

Shati likashuka taratibu, mikono yote miwili ya Acen bado imelishika. Mtoto mgongoni akavuta nywele za mama yake. Gari likapita. Kisha yale macho yasiyopepesa yakashuka kutoka uso wa Zubaida mpaka mikononi mwake, yakaona barua moja yenye mhuri na hakuna kingine.

"Karatasi ziko wapi?"

"Amebaki nazo."

"Jina langu uliliondoa."

Zubaida akafungua mdomo. Hata sasa angeweza kudanganya, na alikuwa hodari wa kubuni. "Nililiondoa," akasema. "Halafu nikalirudisha. Bila jina lako hakutoka, mama Akullo. Nilijaribu, akasimama tu pale langoni. Ulipoingia wewe ndipo alipotoka. Kila kitu kimo. Na njia ya nyumbani imo. Nisamehe. Usirudi kule, nakuomba. Usirudi."

Ikiwa alitaka kumlaani, alikuwa na haki, na Zubaida alisimama wima kuisubiri laana. Lakini Acen alitia shati kifuani, akafungua kanga iliyomshika mtoto, akaikaza upya, fundo juu ya fundo, kama mwanamke mwenye safari ndefu. Funguo za chumba akaziacha zianguke mtaroni.

"Kwetu," akasema, "aliyekufa bila hatia hamwachi aliyemponza. Sina haja ya kukufanya kitu. Mtakaa wote wawili, wewe na yeye." Akageuza uso. "Mimi naondoka sasa hivi. Na wewe, nisikilize vizuri. Usije ukaandika nimekwenda wapi."

Zubaida akaitika kwa kichwa. Barabara ile ilikuwa na njia tatu za kukata: ya kushuka mjini, ya stesheni, na ya kaskazini. Alisikia kanga ikipangwa begani na mtoto akiuliza kitu kwa Kiacholi. Akageuka haraka, akabandika paji la uso kwenye ukuta wa nyumba ya karibu, akafumba macho, akaziba na masikio kwa viganja, barua ikiwa imekunjamana humo, akabaki hivyo mpaka alipokuwa na hakika kwamba hata akitaka hatajua Acen ameshika njia ipi.